Usukani Mzito: Tusimlaumu Anayeushika



Juma hili safu yetu inazungumzia usukani wa gari. Huenda jirani zetu wa Mkwiro wakastaajabu, kwa kuwa kisiwa chetu cha Wasini si mahali pa magari; hapa tunakwenda kwa miguu, na kila safari ndefu huanzia chomboni. Hata hivyo wengi wetu tunayo magari madogo yanayotungoja ng'ambo, Shimoni, chini ya miti, hatua chache kutoka baharini. Tukivuka tunayawasha na kushika njia ya Msambweni, Ukunda au Likoni. Tukirudi tunayaacha na kuyasahau. Kwa sababu hiyo hasa huugua bila ya sisi kujua.

Tunaandika haya kwa ajili ya kosa letu wenyewe. Tumeona ni bora tulieleze wazi, ili nyumba nyingine isije ikalirudia.

Binti yetu alisema mara tatu

Katika nyumba yetu binti yetu ndiye dereva. Wiki kadhaa kabla ya mkasa tunaotaka kuusimulia, alirudi jioni kutoka Ukunda, akatua mkoba wake na kusema, "Mama, usukani wa gari umekuwa mzito. Nikitaka kuligeuza pale Shimoni natumia mikono miwili, na bado haukubali." Sisi wazazi wake tulicheka. Tukamwambia kwamba mikono yake imezoea kalamu, na kwamba gari ni lile lile aliloliendesha baba yake miaka yote bila ya kulalamika. Juma lililofuata aliyarudia maneno yale yale, nasi tukamshauri ale vizuri. Mara ya tatu alisema kwa sauti ndogo, akiwa anatoka mlangoni, wala hatukumjibu. Baada ya hapo alinyamaza, nasi tukauchukua ukimya wake kuwa ni dalili kwamba gari limepona.

Siku moja ya Alhamisi tulivuka naye asubuhi, pamoja na wifi yake aliyekuwa na ujauzito wa miezi 8 na miadi ya kliniki katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni. Ami yetu, nahodha aliyestaafu, naye alikuwamo kwa haja zake. Gari lilikuwa limelala pale siku 11. Liliwaka kwa kusitasita, kisha likaondoka. Kutoka Shimoni hadi Kanana haihitajiki kugeuza sana, kwa hiyo hatukuona kitu cha kututisha. Lakini pale Kanana njia ya Shimoni inakutana na barabara kuu ya Likoni na Lungalunga, na anayekwenda Msambweni hana budi kukata kulia, avuke upande mmoja wa barabara na kuingia upande wa pili.

Binti yetu alitazama huku na huku, akaingia. Usukani ukagoma katikati. Badala ya kupinda kulia, gari likazidi kwenda mbele kuelekea ukingo wa pili, na lori lilikuwa linakuja kutoka upande wa Lungalunga. Alijibanza juu ya usukani kwa kifua na mabega, akausukuma kwa mwili wake wote, huku akikanyaga breki. Gari likasimama majanini. Lori lilipita likipiga honi, karibu mno nasi. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Mkaza mwana wetu alikuwa amelishika tumbo lake kwa mikono miwili. Binti yetu hakusema neno. Alivitazama tu viganja vyake, vilivyokuwa vimeiva wekundu.

Mkaza mwana tulimpandisha matatu, akafika kliniki salama. Sisi tukabaki na gari, na aibu yetu.

Fundi wa kwanza na swali la nahodha

Fundi wa kwanza aliyeletwa alichungulia nyuma ya gurudumu moja, akautikisa usukani, akatoa hukumu kwa muda usiotosha hata kunywa kikombe cha kahawa: steringi raki imekufa, inunuliwe nyingine, na gharama yake pamoja na kazi ni shilingi 38,000. Hakufungua boneti wala hakugusa tairi. Tulikuwa na fedha, ila zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mzazi. Hata hivyo, mtu aliyenusurika ajali hana nguvu ya kujadiliana. Tulikwisha kuanza kuzihesabu.

Ndipo ami yetu alipouliza kutoka alipokuwa ameketi, "Mwanangu, umeyapima matairi?"

Fundi alijibu kwamba haikuhitajika. Ami akatugeukia, akatuambia, "Chomboni, usukani ukiwa mzito hatuung'oi. Tunatazama kwanza tanga limevutwa vipi na shehena imekaa wapi. Tanga likikazwa mno, au mizigo ikielemea omo, chombo kinataka kugeukia upepo, na mshika usukani anapambana nacho kutwa. Ukilegeza tanga na kurudisha mizigo tezini, usukani ule ule unakuwa mwepesi. Usukani ni wa mwisho kulaumiwa."

Sisi ni watu wa bahari, na neno lenyewe usukani lilikuwa la chombo kabla ya kuwa la gari. Lakini hekima hiyo tulikuwa tumeiacha ufukweni. Tulimshukuru fundi kwa kufika kwake, tukamlipa haki ya safari yake, tukasema tutangoja. Hatumtuhumu kwa wizi. Pengine alianza tu na kitu kikubwa badala ya kuanza na kidogo. Kwa mwenye gari, matokeo ni yale yale.

Ni nini kinachoufanya usukani uwe mwepesi

Ni vyema kwanza tufahamu kazi yenyewe. Gari dogo kama Vitz lina uzito unaokaribia tani moja, na zaidi ya nusu ya uzito huo hukaa juu ya magurudumu ya mbele, kwa kuwa injini iko huko. Anayegeuza usukani wakati gari limesimama anayasugua matairi yote mawili juu ya ardhi kwa uzito huo. Mkono wa binadamu unaliweza hilo kwa tabu, na ndiyo maana magari yamewekewa msaada.

Msaada huo ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mafuta: pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda husukuma mafuta, na mafuta husukuma raki. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ndiyo iliyoanza kuuza magari ya abiria yenye msaada wa aina hii mwaka 1951. Wa pili ni wa umeme: mota ndogo husaidia mkono wa dereva kwa nguvu ya betri na alternata. Huu ulianza kuonekana katika gari dogo la Suzuki Cervo, huko Japani, mwaka 1988. Magari madogo mengi yanayotufikia leo kutoka Japani, kama Vitz, Passo na Fit, hutumia mota. Kwa hiyo fundi anayekwambia uongeze mafuta ya stering katika gari la mota hajalifahamu gari lako. Fungua boneti utazame: pasipokuwa na kichupa cha mafuta hayo, elewa kwamba lako ni la umeme.

Maswali kabla ya spana

Anayeliendesha gari ndiye shahidi wa kwanza. Aulizwe, na majibu yake yaandikwe. Je, usukani ni mzito gari likiwa limesimama tu, au hata likiwa mwendoni? Ni mzito pande zote mbili, au upande mmoja? Ulianza ghafla, au ulizidi kidogo kidogo? Baada ya kukata kona hurudi wenyewe katikati, au hubaki pale pale? Huzidi kuwa mzito taa, kipanguzi cha kioo na kiyoyozi vinapofanya kazi pamoja? Kuna sauti ya kulia au ya kugonga?

Kila jibu lina mwelekeo wake. Uzito unaoongezeka polepole, pande zote mbili, na unaohisika zaidi gari likiwa limesimama, mara nyingi ni wa matairi. Uzito unaokuja na kuondoka, hasa vyombo vya umeme vikiwa vinatumika, ni wa betri, nyaya au mota. Uzito wa upande mmoja, au usukani usiorudi katikati, huelekeza kwenye viungo vya chuma. Mlio wa kulia katika gari la mafuta hutoka kwenye pampu au mkanda uliolegea.

Tulipomuuliza binti yetu maswali haya kwa mara ya kwanza, aliyajibu yote bila ya kufikiri. Alikuwa na majibu tangu zamani. Alisema pia kwamba taa ya njano yenye picha ya usukani huwaka kwenye dashibodi nyakati za mvua. Taa hiyo sisi pia tuliiona asubuhi ile, tukadhani ni moja ya zile zinazowaka na kuzima zenyewe. Kwa kawaida huwaka unapofungua ufunguo, na hutakiwa kuzima injini inapowaka. Ikibaki, au ikijitokeza njiani, gari linasema kwamba msaada wa usukani umepungua au umekatika.

Kwanza matairi

Tairi lenye upepo mdogo hulala chini na kugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi, na kulisugua huwa kazi nzito. Jicho halitoshi kulipima, tumia geji. Kipimo kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa: kPa 230, kwa mfano, ni sawa na psi 33 hivi. Kwa magari madogo kipimo huwa mara nyingi kati ya psi 30 na 35. Pima asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa tairi lililopata joto la barabara hudanganya. Usisahau kwamba matairi mapana kuliko yale ya asili, ambayo vijana huyapenda kwa sura yake, nayo huongeza uzito wa usukani.

Matairi yetu ya mbele yalikuwa na psi 17 na 19. Kibandiko kilitaka 33.

Pili betri, na adui yetu chumvi

Mota ya usukani hula umeme mwingi kwa muda mfupi, hasa wakati wa kuegesha. Umeme ukipungua, kompyuta ya gari hupunguza msaada au kuukata kabisa ili vyombo vingine visizimike. Ndiyo maana betri iliyochoka humpa dereva usukani mzito hata pale ambapo raki ni nzima.

Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, hupima takriban volti 12.6. Ikifika 12.2 imebaki nusu tu. Injini ikinguruma, kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5, kikiwa chini ya hapo, alternata itazamwe. Mita ya kupimia hupatikana madukani kwa bei nafuu, na kuitumia si kazi ngumu kuliko kupima unga.

Kwa sisi wakaao pwani kuna jambo jingine. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hula vichwa vya betri, ambavyo mafundi huviita tamino, pamoja na waya wa eathi, yaani ule unaounganisha betri na bodi ya gari. Ukifungua boneti ukaona unga mweupe au wa kijani umeganda kwenye vichwa hivyo, au mahali waya wa eathi ulipofungwa kwenye bodi pameota kutu, umeme unapita kwa taabu. Betri inaweza kuwa nzuri na mota nzuri, na bado usukani ukawa mzito kwa ajili ya kutu ya upana wa ukucha.

Kusafisha ni kazi inayowezekana nyumbani, lakini ina adabu zake. Zima injini na utoe ufunguo. Kina mama, vueni bangili na pete, kwa kuwa chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja hutoa moto wa kuunguza nyama. Na leso au ushungi ufungwe vizuri usiangukie ndani. Pasiwe na sigara wala kiberiti karibu, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Legeza kwanza waya wa upande hasi, wenye alama ya kutoa, kisha ule wa upande chanya. Sugua kwa brashi na maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, suuza, kausha kwa kitambaa, na ung'arishe chuma kwa msasa. Wakati wa kurudisha, anza na chanya na umalizie na hasi. Kisha vipake vichwa hivyo mafuta mazito ya mgando ili chumvi isirudi haraka. Waya wa eathi nao ufunguliwe kwenye bodi, msasa upite mpaka chuma king'ae, kisha ukazwe.

Tatu, magurudumu juu

Matairi na umeme vikiwa sawa na usukani bado ni mzito, kuna jaribio moja linalofichua mengi. Gari lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, handibreki ivutwe, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo. Mbele painuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi; jeki peke yake si ya kuaminiwa, wala mtu asiingie chini. Ufunguo ufunguliwe kiasi cha kuachia kufuli ya usukani, injini ibaki imezimwa. Sasa zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho.

Ukizunguka kwa ulaini, viungo ni vizima; tatizo liko kwenye matairi au msaada. Ukiwa mzito au ukikwama mahali pamoja hata pasipo uzito wa ardhi, kuna chuma kinachobana. Fundi atazame bolijointi zilizokauka grisi, beringi iliyo juu ya shoku, na kiungo kidogo cha fito ya usukani kinachopita karibu na miguu ya dereva, ambacho katika magari ya pwani hushika kutu. Baada ya hivyo vyote ndipo raki yenyewe inaposhukiwa.

Wenye magari ya mafuta watazame pia kichupa cha stering. Kiwango kiwe kati ya alama zilizowekwa, na mafuta yawe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Yakiwa meusi yamechoka. Yakipungua kila mara, yanavuja mahali, na kuyaongeza bila ya kutafuta uvujaji ni kumwaga fedha. Mkanda nao usiwe umelegea. Kwa magari yote, usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa muda mrefu. Unachosha pampu, na katika gari la umeme unachemsha mota, ambayo hupunguza msaada mpaka ipoe.

Yaliyofanyika kwetu

Fundi wa pili, mtu wa umeme wa magari, alikuja na geji na mita. Betri ilipima volti 11.8. Tamino moja ilikuwa imefunikwa na unga, na waya wa eathi ulikatika mkononi mwake alipougusa. Aliyajaza matairi, akabadilisha waya, akasafisha tamino, akaichukua betri kuichaji usiku kucha. Hesabu yake ilikuwa hivi: upepo shilingi 100, waya 700, kuchaji 300, kazi 1,200. Jumla shilingi 2,300. Kesho yake usukani uligeuka kwa mkono mmoja. Lilibaki tatizo dogo la gari kuvuta kushoto, na alaimenti ya Ukunda ikalimaliza kwa shilingi 1,500.

Hatusemi kwamba kila usukani mzito huponywa kwa shilingi 2,300. Wapo ambao raki zao zimekwisha kweli, na kwao kubadilisha ni lazima. Tunachosema ni kwamba fedha kubwa zitoke baada ya vitu vidogo kukaguliwa. Mwombe fundi akuonyeshe kilichoharibika kabla hajakifungua, akueleze amejuaje, na akupe kile kilichotolewa baada ya kazi. Fundi mwaminifu hakasirishwi na maswali hayo. Kwake gari lako ni amana, na maswali yako yanamsaidia kuitunza.

Njiani na nyumbani

Msaada ukikatika ukiwa mwendoni, usitaharuki. Usukani bado umeunganishwa na magurudumu kwa chuma. Umekuwa mzito tu. Ushike kwa mikono miwili, punguza mwendo, toa ishara, sogea kushoto na usimame mahali salama. Usizime injini wala usitoe ufunguo gari likiwa linatembea, kwa sababu kufuli ya usukani inaweza kujifunga. Ikiwa usukani unakwama, unagonga, au ni mzito upande mmoja tu, gari livutwe. Lisiendeshwe hadi gereji.

Kwa tunaoacha magari Shimoni na kurudi kisiwani, tujiwekee desturi chache. Gari lisiachwe mchangani karibu na mawimbi ikiwa kuna mahali palipo mbali kidogo. Likikaa zaidi ya wiki moja, waya hasi wa betri ulegezwe, au apewe mtu mwaminifu aliendeshe kwa nusu saa. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakuirudishii betri umeme iliotumia kuwashia. Chini ya gari paoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Pampu ya mguu na geji vikae kwenye buti, na matairi yapimwe kabla ya kuondoka, kama vile nahodha asivyong'oa nanga kabla ya kutazama tanga lake.

La mwisho ndilo lililotufanya tushike kalamu. Vipimo vyote tulivyovitaja, cha kwanza kabisa kilikuwa mikono ya binti yetu, nacho kilisema kweli mara tatu. Geji ilithibitisha tu. Tulikuwa na shahidi ndani ya nyumba, tukamcheka kwa kuwa ni mwanamke na ni mdogo wetu, kisha tukakaribia kumwamini mgeni aliyelitazama gari kwa dakika chache. Mke, binti au mkaza mwana akisema kwamba gari limebadilika, asiambiwe kwamba mikono yake ni laini. Aulizwe: tangu lini, na linafanyaje?

Tulimwomba radhi tukiwa chomboni, siku tuliyorudi nyumbani na gari limekwisha kupona, mbele ya ami yake. Alitabasamu, akasema, "Nimesamehe, Mama. Lakini geji nitaishika mimi." Imekuwa hivyo tangu siku ile. Wifi yake amejifungua salama, mama na mtoto wana afya, na alipotoka hospitali ni binti yetu aliyewarudisha hadi Shimoni. Pale Kanana alikata kona kwa utulivu, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumfundisha la kufanya.

Tunawaombea safari njema, za barabarani na za baharini. Hadi juma lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.